Ulisema, na Mimi Nilisikia

Clarisse, binti yangu, mama yangu,

Usicheke mwandiko. Miaka ishirini na nane nimeandika fiche tu, zile kadi za wagonjwa, na weye mwenyewe ulikuwa unasema Papa anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Leo naandika herufi moja moja. Sitaki neno likupite.

Kesho asubuhi unapanda gari kwenda Fataki kuanza kazi. Mama yako amekupa maagizo tangu juzi: chandarua, buti za mvua, usile kwa watu usiowajua, telefone isizimike, ukisikia risasi lala chini kwanza ndipo uulize zinatoka wapi. Mimi sirudii. Hata sasa mumekwenda pamoja kumuaga tante yako, dada ya mama yako, na ninajua njiani anaanza upya, chandarua, buti. Nimebaki nyumbani na Espoir. Yeye amekaa kwenye kizingiti anamenya maharagi, anabana ganda katikati ya magoti na kulipasua kwa mukono wa kushoto. Ule wa kulia umelala kwenye paja lake, kama siku zote.

Ni juu ya mukono ule ninaandika. Miaka kumi na tatu nyumba hii inasema: Clarisse alimuangusha mudogo wake, akaficha, mutoto akaharibika kichwa. Mama yako anaamini hivyo. Familia yote inaamini. Na weye unaamini, nimekuona. Sasa nisikilize. Hukuficha. Ulikuja kuniambia, siku ile ile, kwa mudomo wako. Mimi nilisikia na sikufanya kitu, na kesho yake nikakutwisha kosa langu mbele ya watu. Sitaki upande gari ukiwa bado umelibeba.

Bon. Nimeandika. Nilidhani mukono utakataa.

Ulikuwa na miaka tisa, sijui unakumbuka nini. Mutoto akiambiwa jambo moja kila mwaka na watu wakubwa, anaishia kulikumbuka hata kama halikuwa. Kwa hiyo acha nikueleze siku ile kama ilivyokuwa, na kama unaona ninapamba mahali, unikatize.

Ilikuwa majira ya mvua. Mama yako alikwenda soko tangu asubuhi. Alikuachia Espoir, miaka mitatu, muzito kama gunia, akakuachia na kazi ya maji. Mutoto mugongoni, bidon mukononi, kushuka mpaka kwenye chemchemi na kupanda tena kwenye udongo ule wa kuteleza. Mabinti wote wa mutaa walibebeshwa hivyo, hakuna aliyeshangaa. Na mimi baba yako, muganga wa urgences, nesi wa wagonjwa wa dharura, nilikuwa napokea kila juma mutoto aliyeanguka kutoka mugongo wa dada yake. Nawafunga vichwa, nawagombeza mama zao, kisha narudi nyumbani, nakuta binti yangu wa miaka tisa amebeba mudogo wake, nauliza chakula kiko wapi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilikuja kabla hujateleza.

Uliteleza. Kitenge kikafunguka, Espoir akagonga jiwe hapa juu ya sikio la kushoto. Akalia, ukamubembeleza, akanyamaza. Ulimupa beignet akala. Akacheza na watoto wa jirani. Kisha muchana akasema kichwa kinamuuma, akalala kwenye mukeka, na ulipomuita hakuitika vizuri. Ukamuomba jirani amuangalie, ukakimbia mpaka hopitali. Haya yote jirani ndiye alinieleza baadaye, marehemu sasa, na nilimuomba asirudie. Naam, hata hiyo nilifanya.

Siku ile gari lililokuwa likipanda kutoka Kasenyi lilikuwa limepinduka kwenye muteremuko. Juu yake magunia ya samaki wa chumvi, na juu ya magunia wamama wa soko. Tulikuwa waganga watatu. Watu walilala chini kwa sababu vitanda vilikwisha, na chumba chote kilinuka samaki na damu. Nilikuwa nimepiga magoti nafunga muguu wa mama mumoja. Nikainua macho nikakuona mulangoni, nguo imelowa, kandambili moja tu muguuni.

Ukasema: "Papa, Espoir ameanguka. Amegonga kichwa ku jiwe."

Nikakuuliza: "Damu iko?"

"Hapana."

"Analia?"

"Hapana, Papa. Iko analala tu."

Na mimi, muganga muzima, nikashukuru Mungu kwamba halii! Nikakuambia: "Basi muache alale. Hauone watu hawa? Weye unaniletea hadisi ya mutoto kuanguka? Rudi nyumbani."

Hukurudi. Ulibaki pale umeshika nguzo ya mulango, ukasema tena, polepole: "Papa, analala mubaya."

Nikakupigia kelele. Nilikuambia maneno ambayo sitaandika hapa. Ukageuka ukaenda.

Analala mubaya. Nimesoma, nimefuata mafunzo ya kila aina, wamekuja wataalamu na mashini zao za kuonyesha picha ukutani, na sijasikia mutu akieleza jambo lile vizuri kama weye. Mutoto wa miaka tisa alikuwa ametambua tofauti ya usingizi na kuzimia. Baba yake mwenye bluzi nyeupe ya hopitali hakutambua. Ah, Clarisse!

Jioni, saa kumi na mbili, mama yako alimuleta. Habari ya kuanguka hakuijua, maana baada ya kelele zangu hukuthubutu kuisema tena. Mutoto alikuwa ametapika mara tatu na mwili ulikuwa na moto kidogo. Unakijua kile kipimo cha malaria, tone la damu kidoleni na mistari miwili ikitokea basi. Nilimupima, mistari ikatokea miwili. Sasa niambie, hapa kwetu utamupima mutoto gani usione mistari miwili? Ungepima hata mbuzi ingetokea! Lakini mistari miwili ni kitamu kwa muganga aliyechoka. Inafunga maswali yote. Nikaandika malaria kwenye fiche, kwa mukono huu, nikamuwekea serum, yale maji ya mushipani.

Mama yako akaniuliza: "Papa Clari, ni malaria tu?"

Nikajibu: "Malaria tu."

Sikia vizuri hapa, maana ningeweza kuongopa na usingejua. Nilikuwa nimekumbuka. Nilipokuwa nafunga sindano, nilimushika kichwa kukigeuza, na vidole vyangu vikapita juu ya sikio vikakuta mahali palipovimba, pamelegea kama ndizi iliyoiva kupita. Nikakumbuka mulango, nguo yako iliyolowa, kila neno. Nikaondoa vidole. Ningemuita daktari usiku ule, ningelazimika kusema: tangu saa saba ninajua mutoto huyu alianguka, binti yangu alikuja kunijulisha, na mimi nilimufukuza. Sikutaka kusema hivyo mbele ya wenzangu. Nikajiambia labda ni mududu alimuuma. Nikajiambia dawa ya malaria itafanya kazi. Wakati huo damu ilikuwa inavuja polepole kati ya mufupa na ubongo, inaukandamiza, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nahesabu matone ya serum.

Mama yako aliuliza kama amuamushe anywe uji. Nikamuambia mutoto mugonjwa haamushwi. Unajua siye wote tunasema hivyo, bibi zetu walisema hivyo, usingizi ni dawa. Alilala na mama yake amemushika muguu.

Alfajiri akaanza kutetemeka upande mumoja. Nikafungua jicho lake la kushoto. Mboni ilikuwa imefunguka yote, nyeusi, nikaipigia taa na haikujifunga. Ndipo nikakimbia.

Daktari alikuwa kijana, alikuwa amefika juzi kutoka Kisangani, viatu vyake bado vinang'aa. Aliinama juu ya Espoir kwa muda mufupi tu, akageuka: "Mutoto huyu aligonga kichwa?" Chumbani tulikuwa mimi, mama yako, bibi yako marehemu, waganga wawili wa zamu. Na weye ulikuwa umefika sasa hivi na chupa ya uji. Daktari alikuwa ananitazama mimi. Mimi nikakutazama weye.

Nikasema kwa sauti kubwa, wote wasikie: "Clarisse! Ulimuangusha mutoto na hukusema?"

Ulinitazama machoni, na niliona kwamba unakumbuka, na kwamba unangoja nikumbuke na mimi. Nilikuwa na nafasi pale. Haikuwa ndefu lakini ilitosha. Kisha ukashusha macho, ukasema: "Nisamehe, Papa."

Mama yako akakupiga kofi, chupa ikaanguka. Sikumuzuia.

Daktari hakuwa na wakati wa familia yetu. Huku hakukuwa na mashini ya kuona ndani ya kichwa, na ndege ya kumupeleka mbali nani angetutafutia. Alisema, kama hatutoboi sasa hivi anakufa kabla ya saa sita. Tulimunyoa. Nilimushika kichwa mwenyewe kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa muganga na kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa huru. Daktari alitoboa kwa mukono, akizungusha, na mimi nilisikia mufupa wa mutoto wangu kwenye viganja vyangu. Ikatoka damu nyeusi, imeganda kama maini. Baada ya pale alipumua vizuri. Aliishi. Watu wa kanisa walikuja kuimba, wakasema Mungu amemurudisha, na kweli alirudi, lakini mukono wa kulia haukurudi, na maneno yalirudi machache machache, na kifafa kikaja kukaa na siye.

Daktari aliniambia baadaye, bila ubaya, akinawa mikono: "Kama tungejua jana muchana, angetoka hapa anatembea." Nikajibu: "Ndiyo, daktari. Watoto wanaficha."

Nimemaliza hadisi. Sasa unaelewa kwa nini baada ya pale sikuwahi kukusuta tena kama wengine. Ulidhani ni upendo, ulikuwa unamuambia tante yako kwamba Papa peke yake hajakutupia ile maneno. Nilisikia siku ile nikiwa nyuma ya pazia. Mutu anayejua ukweli anapata wapi nguvu ya kukusuta?

Nilikuwa nakungojea useme. Kila mwaka nilikuwa najiambia, akifika miaka kumi na mbili atasema, akifika kumi na tano atakasirika na atasema, na mimi nitakubali. Hukusema. Baadaye niliona hata hukumbuki tena. Nilikusikia ukimuambia rafiki yako pale kwenye kibaraza: "Niliogopa kupigwa, ndiyo maana nilificha." Ulisema hivyo kwa moyo wako wote! Uongo wangu ulikuwa umekwisha kuingia ndani yako ukawa kumbukumbu yako. Siku ile ningeingia kibarazani nikasema. Nilipita nikaenda kununua chumvi.

Na mama yako, tangu siku ile, hakukupa mutoto kubeba tena. Wadogo zako wawili walipozaliwa, jirani waliwabeba, watoto wa kanisa waliwabeba, weye ulikuwa unafua nepi zao. Nilikuwa naona unavyosimama karibu ukinyoosha mikono kidogo, kisha unairudisha. Na mwaka jana, sikukuu ya diploma yako, baba mudogo akasimama na chupa mukononi akasema Mungu ni mwema, amemufanya muganga yule aliyemuangusha mutoto. Watu wakacheka. Weye ukacheka pia. Mimi nilipiga makofi, Clarisse. Nilipiga makofi pamoja nao.

Wahenga walisema muficha maradhi, kilio humufichua. Mimi sikufichuliwa, ndiyo ubaya wake. Hakuna aliyenishuku. Nilipandishwa cheo.

Kuna jambo lingine sijamuambia mutu. Siku moja mwaka uliopita walileta mutoto wa kike wa miaka minne kutoka kambi ya wakimbizi. Bibi yake ndiye alimubeba, mwanamuke wa Bule, walikimbia vita na mama ya mutoto alikuwa amekwenda kulima kwa watu. Mutoto analegea, anatapika. Bibi akasema alianguka kutoka kitandani. Mwenzangu akaandika. Mimi nikamutazama yule mwanamuke. Kambini watu wanalala kwenye plastiki juu ya udongo, kitanda kiko wapi?

Nikawaomba wengine watoke. Sikumuuliza ni nani alimupiga. Nilikaa chini, nikamuambia: "Mama, mimi mutoto wangu mwenyewe nilimuharibu kichwa kwa sababu niliogopa kusema ukweli usiku mumoja. Sitakupeleka popote. Niambie tu kilichotokea, ili nijue mahali pa kutafuta."

Akalia bila sauti. Akasema mutoto alikuwa anamwaga unga, unga wa siku mbili, naye alikuwa na mwiko wa fufu mukononi. Mara moja tu, hapa nyuma. Hakukusudia. Nikapata mahali. Tulimukimbiza kwenye chumba cha kupasua kabla ya nusu saa, na daktari alifanya yote. Mutoto alikufa siku ya pili.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwamba ukweli unaponya. Mara nyingine unachelewa na wenyewe. Lakini nilirudi nyumbani siku ile na aibu ambayo sijui niieleze vipi. Mwanamuke nisiyemujua hata jina nilimuambia kile ambacho binti yangu, anayelala nyuma ya ukuta wangu, hajaambiwa. Nilikukuta unapika fufu yenye madonge, unaimba. Ukaniuliza: "Papa, leo kulikuwa namna gani?" Nikasema tu: "Kawaida."

Sasa unakwenda Fataki, na pale utakuwa peke yako zamu nyingi. Watakuletea vichwa. Watoto wa pikipiki, watoto walioanguka kutoka juu ya muembe, walioangukiwa na ukuta ulioloa mvua, na siku mbaya waliokatwa kwa panga, ambao sitawaeleza kwa barua. Waliokatwa hawatakudanganya, kila mutu anaona. Anayetisha ni yule anayeingia akitembea. Anakuomba biskuti. Huyo umuweke mahali unapomuona, umuamushe usiku hata mama yake akikutukana, umuulize jina lake na la mbuzi wao, umuangalie mboni kwa taa ya telefone, na kipimo kikionyesha mistari miwili umutibu malaria yake na uendelee kumuuliza maswali. Haya yote ulifundishwa, tena na walimu wenye akili kuliko mimi. Ninalokuomba mimi ni dogo: mutoto akija mulangoni kukuambia jambo, hata kama una damu mpaka viwikoni, umutazame usoni kabla hujamujibu.

Na utakosa. Sikutishi. Utamurudisha mutu nyumbani ambaye hakupaswa kurudi. Siku ile ikifika, sema kabla hujanawa mikono. Sema kwa daktari, sema kwa mama yake, waache wakutukane, wakufukuze kama wanataka. Ukiamka asubuhi hujasema, utakuta kuna mutu mwingine amesimama karibu nawe, mudogo, asiye na nguvu, na utaona ni rahisi kumuonyesha kidole. Mimi ninajua ni rahisi namna gani.

Kitu kimoja bado kinaniogopesha, nami sikukiuliza kwa sababu sina haki. Kwa nini ulichagua kazi hii? Kama uliichagua kwa kuipenda, nenda, utakuwa bora kuliko mimi, tayari weye ni bora. Lakini kama uliichagua ili ujisafishe kosa la Espoir, basi jua hakuna kosa. Gari ni kesho. Unaweza kuteremusha vitu vyako usiende, na sitaruhusu mutu kukuuliza. Fataki si mahali pa kwenda kufa kwa ajili ya uongo wa baba yako.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiweka chini ya sanduku lako, katikati ya vitenge, uikute ukiwa mbali. Ndiyo namna yangu, unaiona. Nilikuwa hapa hapa, naitafutia bahasha, ndipo Espoir akageuka kule kizingitini.

"Papa. Unalia?"

Nikamuambia kidogo. Nikaketi kando yake kwenye kizingiti, nikamueleza. Ni wa kwanza katika nyumba hii kujua, na ilikuwa haki yake. Unajua namna anavyosikiliza, kinywa wazi kidogo, ukidhani amekwenda mbali. Nilipomaliza alimenya maganda matatu au manne.

Akasema, kwa jina lile analokuita weye dada yake: "Kumbe Yaya alisema."

"Alisema."

"Na weye ulisikia."

"Nilisikia."

Kisha akauliza, neno moja, neno lingine, kama anavyosema: "Sasa Papa, mimi ningekuwa mutu gani?"

Miaka kumi na tatu nimejitengenezea majibu kwa mama yako, kwa daktari, kwa pasta, kwa weye, hata kwa Mungu nilikuwa na la kwake. Kwa Espoir sikuwahi kutengeneza lolote, maana sikudhani siku moja ataniuliza. Nilimuambia sijui, mwanangu. Nilimuambia nisamehe. Hakusema amenisamehe na hakusema hapana. Alinipa bakuli la maharagi nilishike, kwa sababu lilikuwa linateleza magotini.

Baadaye akasema: "Usimupe Yaya karatasi. Umuambie. Na Mama asikie."

Sasa ninawasikia kwenye kona ya njia, mama yako anacheka, na kuku ambaye tante amewapa anapiga kelele. Nina dakika tano. Nitasimama mezani niisome yote kwa sauti, mbele ya mama yako, kuanzia mwandiko wa kuku mpaka hapa. Sijui atafanya nini. Anaweza kunitoa katika nyumba hii, na itakuwa haki yake. Mimi najua weye ni mutu gani. Utaona sauti yangu imekatika, utataka kunipokonya karatasi useme basi Papa, imekwisha, zamani sana. Usifanye hivyo. Kaa pale karibu na mudogo wako, uniache nisome mpaka mwisho mimi mwenyewe.

Papa